Watoto wa Mto Kuja

Saa moja asubuhi ufuoni Sindo, kando ya Ziwa Victoria, mitumbwi ya omena, yaani dagaa, imekwisha kurudi. Taa za sola zilizokesha zikiwavuta samaki zimewekwa kando, na kina mama wameanza kuanika. Wanatandaza nyavu kuukuu juu ya mchanga, wanamwaga omena kutoka kwenye mabeseni, kisha wanawasambaza kwa viganja hadi ufuo mzima unang'aa kama bati jipya. Nilichuchumaa kando ya fungu moja nikaanza kuchambua kwa kidole. Omena, omena, omena. Fulu mmoja mdogo. Omena tena. Kisha samaki mwembamba wa urefu wa kidole cha shahada, kinywa kipana, jicho la rangi ya dhahabu.

"Huyu naye ni nani, mama?"

"Huyo mtoto wa mbuta. Hatumtafuti. Anaingia tu na wenzake."

Mahali penye upana wa sinia nilipata saba. Kanuni za ziwa zinataka mbuta, yaani sangara, afikishe sentimita 50 ndipo avuliwe. Hawa saba hawakufikisha hata 10. Karani wa kamati ya ufuo, ambayo kila mtu huku anaiita BMU, alipita na daftari lake, akatazama mabeseni, akaandika kilo za omena, akaenda zake. Watoto saba wa mbuta wakaingia katika kumbukumbu za nchi kama omena.

Simlaumu karani. Daftari lake lina safu za samaki wanaouzwa, na ndiyo kazi aliyopewa. Lakini tangu asubuhi hiyo nimekuwa nikijiuliza ni nani anayewahesabu watoto. Usione vyaelea, vyaundwa, walisema wahenga. Mbuta wa kilo tano anayeonekana kwenye mizani leo aliundwa miaka kadhaa nyuma, akiwa na urefu wa ukucha, mahali ambapo hakuna mizani wala karani.

Ziwa lenyewe tunalihesabu. Shirika la Uvuvi la Ziwa Victoria, lililoundwa mwaka 1994 na Kenya, Uganda na Tanzania na lenye makao yake Jinja, limekuwa likisimamia sensa ya uvuvi tangu mwaka 2000, kwa kawaida kila baada ya miaka miwili: mitumbwi mingapi, wavuvi wangapi, nyavu za macho gani. Mialoni husajiliwa samaki wanaoletwa, na meli za utafiti hupima wingi wa samaki walio majini kwa kutuma sauti na kusikiliza mwangwi wake. Ni kazi nzuri, nami naiheshimu. Ila ziwa hili lina samaki ambao maisha yao huanzia mtoni, na huko mtoni ndiko daftari linakoishia.

Ukitoka Sindo kuelekea kusini, barabara inazunguka milima ya Gwassi na kushuka Karungu, katika eneo la Nyatike, kaunti ya Migori. Hapo ndipo Mto Kuja unapomwaga maji yake ziwani. Wakisii wanauita Gucha. Unaanzia kwao, katika nyanda za juu za mvua nyingi, unapita kwenye mashamba ya chai, ndizi na miwa, unaupokea Mto Migori, na mwishowe unatanda katika tambarare ya Nyatike, ambako kila msimu wa masika watu husikiliza redio kwa wasiwasi wakijiuliza kama safari hii utavunja kingo.

Mafuriko hayo yanayowahamisha watu ndiyo yaliyokuwa yakimleta ningu.

Ningu ni samaki wa rangi ya kijivu cha zeituni, na wakubwa kabisa hukaribia sentimita 40. Wanasayansi humwita Labeo victorianus, na haishi popote duniani nje ya bonde la Ziwa Victoria. Mdomo wake uko chini ya kichwa, una midomo minene ya nyama, kwa kuwa kazi yake ni kukwangua ukungu wa kijani kwenye mawe na tope. Kwa sehemu kubwa ya mwaka hukaa ziwani. Mvua zikianza na mto ukajaa, hugeuka akaukabili mkondo, akapanda kwa makundi, jike kwa dume, mpaka kwenye nyasi zilizofunikwa na maji pembezoni mwa mto. Hapo hutaga, na kuondoka. Ngege, tilapia wa asili wa ziwa hili, huyaatamia mayai yake kinywani na kuwahifadhi humo watoto wake. Ningu hana ulinzi huo. Mayai huachwa kwenye nyasi zilizozama, huanguliwa upesi, na vifaranga hula na kukua katika maji hayo ya vuguvugu yasiyo na kina. Maji yakianza kupungua, nao hushuka pamoja nayo. Yakipungua mapema mno, hunaswa kwenye vidimbwi na kukauka.

Kwa hiyo mwaka mmoja wa ningu huamuliwa ndani ya wiki chache, kwenye ukanda mwembamba wa majani. Hakuwa peke yake katika safari hiyo. Fwani, anayeweza kuzidi nusu mita, naye hupanda mto. Hupanda pia sire na mumi.

Mzee mmoja wa Nyatike alinipa kiti chini ya mwembe wake akanieleza jinsi walivyowapokea. Walijenga kek, yaani uzio wa miti na matete unaokata mto, wenye nafasi ambamo waliweka migono. "Ningu wa kupanda alikuwa na mayai tumboni," alisema, akaviweka viganja vyake viwili kama anayekinga maji. "Mama alikuwa anawakausha kwa moshi. Mwaka mzima tulikula." Nilimuuliza kama kek haikuwamaliza. Akatikisa kichwa. "Mto ukijaa kabisa, kek inavunjika. Wengine wote wanapita."

Jibu hilo nimelitafakari sana. Kek ilikamata samaki kwenye mto wa kawaida na kushindwa kwenye mto uliofurika, yaani ilishindwa hasa katika siku zile ambazo kupita kwa samaki kulikuwa na faida kubwa kuliko kukamatwa kwao. Hakuna aliyeipanga hivyo katika kikao. Lakini ilifanya kazi.

Kisha mambo yakabadilika. Reli ilifika Kisumu mwaka 1901, na mwaka 1905 nyavu za kunasa zilizoundwa kwa nyuzi za kitani zikaingia katika ghuba ya ziwa hapo Kisumu. Samaki wa ziwa akapata soko la mbali na chombo cha kumfikisha huko. Kufikia miaka ya 1920 samaki wa wavu mmoja walikuwa wamepungua kiasi cha kuishtua serikali ya kikoloni, na mtaalamu wa uvuvi Michael Graham akatumwa kuchunguza ziwa lote, mwaka 1927 na 1928. Alipendekeza macho ya wavu yasipungue inchi 5, ili ngege azae kabla ya kunaswa. Sheria ikawekwa, ikadharauliwa, na mwishowe ikaondolewa: Uganda na Tanganyika mwaka 1956, Kenya mwaka 1961. Mlango ukawa wazi kwa nyavu za macho madogo. Mvuvi mwenye wavu wa aina hiyo hakuwa na haja ya kumtafuta ningu ziwani. Alichohitaji ni kuutega mdomoni mwa mto mvua inaponyesha, na kungoja.

Mwaka 1959 Geoffrey Fryer na Peter Whitehead walichapisha maelezo ya namna yai la ningu linavyokua hatua kwa hatua mpaka kifaranga kuogelea. Mwaka 1965, miaka sita tu baadaye, mtafiti Cadwalladr alichapisha makala juu ya kuporomoka kwa uvuvi wa ningu huyo huyo. Baina ya makala hizo mbili sijapata habari ya mtu aliyekuwa akirudi mtoni kila mwaka kuwahesabu watoto. Mbuta, anayebebeshwa lawama za kila kitu kilichotoweka ziwani, aliletwa katika miaka ile ile ya 1950 na hakuongezeka kwa kishindo hadi mwanzoni mwa miaka ya 1980. Ningu alikuwa amekwisha kuanguka. Leo IUCN, shirika la kimataifa la uhifadhi, linamtaja miongoni mwa viumbe walio hatarini kabisa kutoweka.

Kuna samaki mwingine wa mtoni ambaye hadithi yake ilienda tofauti, hapa hapa Kenya. Mwaka 1905, ule ule wa nyavu za kitani, mlowezi Ewart Grogan aliagiza trauti kutoka Uskochi na kuwaachilia katika Mto Gura, kwenye milima ya Aberdare. Trauti hawakuwa wa kwetu. Lakini walitunzwa. Walitungiwa kanuni, wakawekewa leseni na kipimo cha chini cha urefu, na mwaka 1948 kikajengwa kituo cha kuangulia vifaranga Kiganjo, karibu na Nyeri, kinachofanya kazi mpaka sasa. Mito ya trauti ilikuwa na walinzi, na walinzi walikuwa na madaftari. Simwonei wivu trauti. Nasema tu kwamba Kenya ilijua kumtunza samaki wa mtoni tangu zamani. Haikuona haja ya kumfanyia hivyo ningu, aliyekuwa akiwalisha watu wa mito ya Kuja, Sondu na Nzoia.

Trauti na binamu yake samoni ndio waliowafundisha watu wa kaskazini kuhesabu watoto. Samoni naye huishi kwenye maji makubwa na kupanda mto kuzaa. Huko Uskochi, katika kijito cha Girnock kinachoingia Mto Dee, samoni wanaopanda na watoto wanaoshuka wamekuwa wakinaswa, kuhesabiwa na kuachiliwa tangu mwaka 1966. Kijito ni kidogo, mtu mzima anaweza kukivuka bila kulowa magoti kiangazi. Thamani yake ni ule mfululizo wa miaka. Samoni wakipungua, wahifadhi wanaweza kusema kama wamepungua mtoni wakiwa watoto au baharini wakiwa wakubwa, na majibu hayo mawili yanadai hatua tofauti kabisa.

Kazi yenyewe hufanywaje? Nitaieleza kwa kirefu, maana ni rahisi kuliko inavyodhaniwa.

Huchaguliwa kipande cha mto, tuseme mita 50, wakati maji yamepungua na kutulia. Nyavu za macho madogo hukatizwa juu na chini yake ili asiingie wala asitoke samaki. Kisha watu watatu au wanne huingia majini wakiwa na mabuti ya mpira yanayofika kifuani. Mmoja amebeba betri mgongoni na mkononi ameshika fimbo yenye pete ya chuma. Umeme unaotoka kwenye pete humvuta samaki aliye karibu na kumlegeza kwa sekunde chache. Wenzake humchota kwa kimia na kumtia kwenye ndoo. Ndani ya ndoo huzinduka, hutikisa mkia, huanza kuzunguka. Sheria ya Kenya inakataza kuvua kwa umeme, na inafaa ikataze. Watafiti hufanya hivyo kwa kibali, kwa nguvu ndogo, na samaki hurudishwa hai.

Timu hupita kipande chote mara moja, ikahesabu. Hupita tena, bila kuwarudisha wale wa kwanza. Tuseme mara ya kwanza wamepatikana watoto 60 na mara ya pili 24. Kupungua huko ndiko kunakotoa jibu. Ikiwa kila mpito hunasa sehemu ile ile ya waliobaki, basi mpito wa kwanza ulinasa 60 kati ya 100 na wa pili 24 kati ya 40. Walikuwa 100, na 16 bado wamejificha chini ya mizizi. Mpito wa tatu hufanywa kuthibitisha. Hesabu ya darasa la nane inamwambia mtu idadi ya samaki ambao hajawaona.

Kisha kila mmoja hulazwa kwenye ubao wenye rula, pua kwenye kizuizi, mkia ukinyooshwa, na urefu wake kusomwa kwa sauti. Mwenye daftari hurudia namba kabla ya kuandika. Urefu ukipangwa kwenye chati, hujitokeza vilima: kilima cha waliozaliwa msimu huu, kilima cha waliozaliwa msimu uliopita. Kilima cha kwanza kikikosekana, msimu umepita bila uzazi, hata kama wazazi wangali wengi sokoni. Anayetaka kujua zaidi huchukua samaki wachache na kutazama kijiwe kilicho ndani ya sikio lao kwa hadubini. Katika samaki mchanga kijiwe hicho huongeza mviringo mmoja kila siku. Ukiihesabu miviringo hiyo kurudi nyuma unapata tarehe aliyoanguliwa, na tarehe hiyo inaweza kulinganishwa na rekodi ya kina cha mto.

Mbinu hizi si ngeni kwetu. Peter Ochumba na Julius Manyala walichapisha mwaka 1992 utafiti wao juu ya samaki wa Sondu-Miriu na safari yao ya kupanda mto. Phillip Raburu na Frank Masese wametengeneza kipimo cha afya ya mito inayoingia Ziwa Victoria kwa kuangalia samaki waliomo. Wataalamu tunao. Tunachokosa ni kurudi mahali pale pale, mwaka baada ya mwaka, baada ya ripoti kumalizika na fedha kuisha. Utafiti wa msimu mmoja ni picha moja. Huwezi kujua kwa picha moja kama mtoto anakua au anakonda.

Mto Kuja unahitaji mfululizo huo kuliko mito mingi, kwa sababu umeelemewa pande zote. Maji yake siku za mvua ni ya rangi ya kakao, kwa udongo wa mashamba ya juu. Bwawa la Gogo, lililojengwa miaka ya 1950 kuupa umeme mgodi wa Macalder, na ambalo mitambo yake ni ya megawati 2 tu, limejaa mchanga na tope kwa sehemu kubwa. Tope linalolijaza bwawa hufunika pia mawe ambayo ningu hukwangua chakula chake. Wachimbaji wadogo wa dhahabu wa Migori hutumia zebaki, na mabaki yake hushuka na maji. Kule chini, mradi wa umwagiliaji wa Lower Kuja umewaletea watu wa Nyatike mpunga, na mpunga huo wanauhitaji. Lakini mashamba yake yako kwenye tambarare ya mafuriko, aina ile ile ya ardhi ambayo ningu hutagia. Na mdomoni nyavu zipo.

Kila mmoja anamnyooshea mwenzake kidole. Mvuvi anasema ni zebaki. Mchimbaji anasema ni nyavu. Mkulima wa mpunga anasema ningu walikwisha kabla ya mradi, na kwa kiasi fulani ana haki. Bila hesabu ya watoto hakuna wa kuamua, kwa kuwa kila sababu huacha alama yake mahali tofauti. Nyavu za mdomoni zikiwa ndizo tatizo, wazazi hawatafika juu na vifaranga hawatakuwapo hata kwenye nyasi safi. Tope au sumu ikiwa ndiyo, mayai yatatagwa lakini watoto watatoweka ndani ya wiki chache. Maji yakiwa yanakatwa mapema kwenye tambarare, watoto watakutwa wamekufa kwenye vidimbwi. Mtu mwenye ndoo, rula na subira anaweza kuzitofautisha.

Kuna wanaosema dawa ni kuzalisha vifaranga na kuwamwaga mtoni. Uwezo upo. Justus Rutaisire wa Uganda alionyesha mwanzoni mwa miaka ya 2000 kwamba ningu anaweza kutagishwa kwa kudungwa homoni na mayai yake kuanguliwa mahali pa kufugia. Nafurahia kazi hiyo, maana inatuhakikishia mbegu. Lakini nchi za samoni zimemwaga vifaranga kwa zaidi ya karne moja, na somo zililolipata kwa gharama kubwa ni kwamba kifaranga anayeachiliwa kwenye mto ulioharibika hufia kwenye uharibifu ule ule uliowamaliza wenzake wa asili. Asiyehesabu hatajua hata kama walikufa. Atapiga picha siku ya kuwamwaga, na mwaka ujao ataomba fedha za kuwamwaga wengine.

Ninachopendekeza ni kidogo na kinawezekana. Wavuvi wa Karungu na kwingineko Nyatike wakubaliane kuacha wazi mdomo wa Kuja kwa wiki za mwanzo wa masika, kama wanavyosimamisha omena kuanzia Aprili hadi mwisho wa Julai. Kaunti za Migori na Homa Bay, pamoja na taasisi ya utafiti wa samaki yenye kituo Kisumu, wachague vipande kumi vya mto, kutoka mdomoni hadi chini ya Gogo, na kuvipita kila mwaka mvua zikishapungua. Vijana wa BMU wafundishwe kumtambua mtoto wa ningu na wa fwani, kupima urefu, kuandika. Shule zilizo kando ya mto zina walimu wa sayansi na watoto wanaojua kila kidimbwi.

Na wewe karani wa Sindo, uliyepita asubuhi ile na daftari lako, naomba uongeze safu moja. Iandike "watoto". Kila asubuhi chukua beseni moja la omena, chambua mbuta na fulu waliomo, andika idadi yao na urefu wa mkubwa na mdogo. Itakuchukua robo saa. Mwakani, siku kama hiyo, ufanye tena.